Lyonel Feininger: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila jina la Lyonel Feininger linapotajwa, maswali ni yale yale: alikuwa wa nchi gani hasa, mbona aliacha muziki, kwa nini alichora kanisa moja la kijijini kwa zaidi ya miaka ishirini. Majibu yako hapa chini, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya wanaotaka kununua kazi zake au kuzichapisha upya. Jambo moja niliseme mapema maana litajirudia: wengi humwendea kupitia picha zake za rangi ya mafuta, lakini kwa maoni yangu mlango wa kumwingilia ni karatasi na wino.

## Mambo ya msingi

Lyonel Feininger alikuwa nani?

Ni mchoraji na mchapaji wa Kimarekani, mzaliwa wa New York, tarehe 17 Julai 1871. Alifia mji huo huo tarehe 13 Januari 1956. Katikati ya tarehe hizo kuna nusu karne aliyoishi Ulaya, sehemu kubwa Ujerumani. Alianzia kwenye katuni za magazeti, akashika rangi ya mafuta akiwa na miaka 36, akawa miongoni mwa walimu wa kwanza kabisa wa Bauhaus, chuo cha sanaa na ubunifu cha Ujerumani, kisha akashuhudia Wanazi wakiziondoa kazi zake ukutani katika makumbusho moja baada ya nyingine.

Anatambulika haraka. Makanisa, meli, madaraja na watu warefu wembamba, vyote vimekatwa kuwa mapande ya mwanga yaliyonyooka kama vioo na kupandana. Ukiona mnara wa kanisa unaotoa miale hadi angani, na chini yake vijitu vidogo vinapita, kuna uwezekano mkubwa ni wake.

Alikuwa Mmarekani au Mjerumani?

Kwa uraia alikuwa Mmarekani tangu kuzaliwa hadi kufa. Baba yake, Karl, alikuwa mpiga fidla aliyezaliwa Ujerumani na kukulia Marekani. Mama yake, Elizabeth Lutz, alikuwa mwimbaji. Nyumbani kulikuwa na muziki wa Kijerumani na lugha zote mbili.

Pasi ya Marekani ilimletea shida mara moja na kumwokoa mara moja. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, yeye aliyekuwa akiishi Ujerumani akageuka raia wa nchi adui, na akawekewa mipaka ya kutembea. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1937, alikuwa na nchi ya kurudi wakati wenzake wengi walikuwa wakihangaika kutafuta pa kukimbilia.

Wajerumani humhesabu wao kwa sababu kazi zake nyingi kubwa zilizaliwa Weimar, Dessau na Halle. Wamarekani nao humhesabu wao, ingawa walichelewa kumfahamu. Kila upande una haki yake, na ubishi huu hauna haja ya mshindi.

Uekspresionisti ni nini, na yeye anaingiaje humo?

Ni mkondo wa sanaa uliokua hasa Ujerumani kuanzia mwaka 1905 hivi. Mchoraji wa mkondo huo haandiki alichokiona kwa macho tu. Anapinda umbo, anakoleza rangi na kuvunja mizani ili kilichomo moyoni kitoke nje. Kundi la Die Brücke la Dresden na lile la Der Blaue Reiter la Munich ndiyo majina yanayotajwa kwanza.

Feininger alifahamiana na makundi yote mawili. Mwaka 1912 alikutana na Erich Heckel na Karl Schmidt-Rottluff wa Die Brücke. Mwaka 1913 Franz Marc alimwalika kuonyesha pamoja na watu wa Der Blaue Reiter katika maonyesho makubwa yaliyoandaliwa Berlin na Herwarth Walden, mwenye jumba la Der Sturm. Walden huyo huyo ndiye aliyempa maonyesho yake binafsi ya kwanza, mwaka 1917.

Hata hivyo, ukitarajia uekspresionisti wa kupiga kelele, wa nyuso za kijani na rangi zilizomwagwa kwa hasira, hutaukuta kwake. Wake ni wa sauti ya chini. Hisia imewekwa ndani ya mstari ulionyooka, na ndiyo maana baadhi ya watu humpita bila kusimama.

Mbona vitabu vingine humwita mkubisti?

Kwa sababu ya safari ya Paris ya mwaka 1911. Picha zake sita zilikuwa kwenye maonyesho ya Salon des Indépendants, na huko aliwaona wakubisti wakivunja vitu kuwa vipande. Alirudi na silaha mpya. Lakini wakubisti wa Paris walivunja gitaa au chupa ili kuchunguza umbo lake. Feininger alivunja anga, jengo na ardhi kwa kisu kimoja, mpaka huwezi kusema ukuta wa kanisa unaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Kwa hiyo alichukua zana za wakubisti, na kazi aliyozifanyia ilikuwa ya kiekspresionisti.

Je, naye alichota kwenye vinyago vya Afrika kama wenzake?

Swali la haki, maana Kirchner na Schmidt-Rottluff wa Die Brücke, na wengine, walizungukia makumbusho ya Ujerumani yaliyojaa vitu vya Afrika na visiwa vya Pasifiki, na athari inaonekana wazi katika nyuso walizochonga. Kwa Feininger athari hiyo haionekani. Watu wake wametoka kwenye ukurasa wa katuni: kofia ndefu, mwavuli, miguu mirefu, mgongo uliopinda.

## Kutoka fidla hadi gazeti

Ni kweli alipelekwa Ujerumani kusomea muziki?

Ni kweli. Mwaka 1887, akiwa na miaka 16, alivuka bahari ili aendelee na fidla. Alipofika Hamburg aliomba ruhusa ya kusoma uchoraji, akapewa. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha sanaa cha Berlin, na baadaye akakaa Paris katika studio ya Colarossi.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na huyu hakuutupa ufundi wa nyumbani kwao. Alimpenda Bach maisha yake yote, na kuanzia mwaka 1921 akatunga fugu zaidi ya kumi za kinanda na ogani. Fugu ni utunzi ambamo sauti moja huanza wimbo mfupi, nyingine ikaudaka, kisha ya tatu, zikafukuzana na kupandana bila kugongana. Tazama picha yake yoyote ya miaka ile: pande moja la mwanga linaanza, lingine linalirudia kwa pembe tofauti, la tatu linapita juu yake. Waandishi wengi wamelinganisha vitu hivi viwili, na katika hili nawaunga mkono.

Alichora katuni gani?

Kwa zaidi ya miaka kumi alikula kwa katuni. Alichorea majarida ya vichekesho ya Berlin kama *Ulk* na *Lustige Blätter*, na kazi zake zilitoka pia Marekani. Alikuwa miongoni mwa wachora katuni wenye jina kubwa Ujerumani.

Mwaka 1906 gazeti la *Chicago Tribune* lilitafuta wachoraji Ujerumani ili kuvuta wasomaji wa Chicago wenye asili ya huko. Feininger akapewa ukurasa mzima wa rangi wa Jumapili. Akatoa mfululizo wa *The Kin-der-Kids*: watoto wanazunguka dunia ndani ya beseni la kuogea huku shangazi yao, Auntie Jim-Jam, akiwakimbiza na chupa ya mafuta ya samaki. Wa pili ulikuwa *Wee Willie Winkie's World*, wa mtoto anayeona nyuso katika nyumba, miti na mawingu. Ukurasa wa kutangaza wahusika ulimwonyesha Feininger mwenyewe akiwaning'iniza kama vikaragosi.

Yote yaliisha ndani ya mwaka mmoja hivi. Kurasa zenyewe ni chache, lakini wanaopenda historia ya katuni bado wanazitafuta kwa taa, kwa jinsi alivyoupanga ukurasa mzima kama picha moja. Ndipo nisemapo mlango ni karatasi. Mstari mkavu, umbo bapa, watu warefu mbele ya majengo makubwa, vyote vipo tayari mwaka 1906, kabla hajagusa turubai.

Alianza lini kuchora kwa rangi ya mafuta?

Mwaka 1907, akiwa Paris. Moja ya picha za mwanzo, *Der weiße Mann*, yaani mtu mweupe, inaonyesha jitu refu lenye nguo nyeupe likikatiza mtaa. Ni katuni iliyovikwa rangi ya mafuta, na haioni haya kuwa hivyo.

Mke wake alichangia nini?

Mengi. Feininger alimwoa Clara Fürst mwaka 1901 wakapata mabinti wawili, Lore na Marianne. Mwaka 1905 alikutana na Julia Berg, aliyekuwa mchoraji naye, na ndoa zao za awali zikavunjika. Julia alikuwa akisoma sanaa Weimar, na ni yeye aliyemsukuma aachane na utumwa wa tarehe za magazeti na ajaribu uchapaji wa sanaa. Walioana London mwaka 1908 na wakapata watoto watatu wa kiume. Kwa kumfuata Julia, Feininger aliizoea Weimar na vijiji vyake, na bila vijiji hivyo hakuna swali la kanisa hapo chini.

## Chapa zake

Chapa ya mbao hutengenezwaje?

Unachukua ubao laini uliosawazishwa, unachora juu yake kwa kugeuza kushoto iwe kulia, kisha unachonga kwa kisu na patasi ndogo. Unachokiondoa kitabaki cheupe kwenye karatasi, na ulichokiacha kitashika wino. Rola la wino linapita juu, karatasi inalazwa, inasuguliwa kwa mkono au kubanwa kwa mashine, inabanduliwa. Ubao mmoja hutoa nakala nyingi, na kila nakala ni kazi halisi, si picha ya picha.

Ugumu wake ni kwamba ubao hausamehe. Hakuna kijivu cha kuficha uzembe. Mchapaji anaamua: nyeupe au nyeusi.

Feininger alianza lini kuchonga mbao?

Mwaka 1918, vita vikielekea ukingoni. Kama ilivyoelezwa kwenye swali la uraia, alikuwa mgeni wa nchi adui, na mwaka huo alikaa Braunlage, kwenye milima ya Harz. Vifaa vya kuchorea vilikuwa shida na mzunguko wake ulibanwa. Akashika kisu na vipande vya mbao, na hakukiweka chini tena. Mwaka 1918 peke yake alichonga chapa 117.

Idadi hiyo inashangaza, lakini ubora ndio wa kukaliwa kitako. Katika rangi ya mafuta alikuwa bado akipambana kuyafanya mapande ya mwanga yasimame pamoja. Ubao ulimlazimisha achague. Chapa za mwaka huo, za meli, vijiji, magari moshi na watu wa mitaani, zina uhakika ambao turubai zake zinakuja kuupata miaka michache baadaye. Wanaozipanga picha zake kwa kufuata tarehe huona hatua hii vizuri: picha za mafuta za miaka ya 1920 zimekuwa nyepesi na safi, kama zilizopita kwenye kisu kwanza.

Alifanya aina nyingine za uchapaji?

Ndiyo. Kabla ya mbao alikuwa amefanya litografia, ambayo huchapwa kutoka kwenye jiwe lililochorwa kwa kalamu ya mafuta, na chapa za bamba la metali linalochimbwa kwa sindano au kuliwa na asidi. Alianza hizi mwaka 1906. Ni kazi nzuri, ila chache. Chapa za mbao ni zaidi ya 300.

Kwa nini karatasi za chapa zake ni nyembamba na za rangi tofauti?

Alikuwa mteuzi wa karatasi. Alipenda karatasi nyembamba za Kijapani, na mara nyingine alichapa ubao ule ule kwenye karatasi ya rangi nyingine ili aone inasemaje. Wino mweusi kwenye karatasi ya manjano hafifu na wino huo huo kwenye karatasi nyeupe ni hali mbili za hewa. Kwa hiyo ukikuta nakala mbili zisizofanana usikimbilie kusema moja ni bandia.

Namba ya tarakimu nne iliyoandikwa kwa penseli ni ya nini?

Ni mpango wake mwenyewe wa kuhesabu mbao. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, zinazofuata ni nafasi ya kazi hiyo katika mwaka. Kwa hiyo 1830 si karne ya 19: ni ubao wa 30 wa mwaka 1918. Wauzaji wasio makini wamewahi kuchanganywa na hili.

## Bauhaus

Ile chapa ya kanisa kuu kwenye tangazo la Bauhaus inamaanisha nini?

Msanifu majengo Walter Gropius alipoanzisha Bauhaus mjini Weimar mwaka 1919, Feininger alikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza aliowaita. Tangazo la chuo, lililotoka Aprili mwaka huo, lilikuwa kijitabu cha kurasa chache chenye chapa ya Feininger mbele: kanisa kuu la kioo, minara mitatu, na juu ya kila mnara nyota inayotoa miale. Nyota tatu ni sanaa tatu, yaani uchoraji, uchongaji na ujenzi, ambazo Gropius alitaka zirudi kufanya kazi chini ya paa moja kama zilivyofanya enzi za wajenzi wa makanisa makuu.

Chuo kinachokumbukwa leo kwa viti vya mabomba ya chuma na majengo ya paa bapa kilijitangaza kwa picha ya kanisa iliyochongwa kwa kisu. Wanaodhani Bauhaus ilikuwa mashine tangu siku ya kwanza huirukia picha hii haraka. Ni bora waitazame tena.

Alifundisha nini huko?

Aliongoza karakana ya uchapaji ya Weimar. Mkuu wa ufundi alikuwa Carl Zaubitzer, aliyesimamia mashine na wino, na Feininger akasimamia upande wa sanaa. Karakana hiyo ilitoa majalada maarufu ya chapa za wasanii wa Ulaya, ambayo Feininger alibuni sura zake za mbele, na pia jalada la chapa zake mwenyewe kumi na mbili za mbao.

Gropius alipoanza kuhubiri mwaka 1923 kwamba sanaa iungane na teknolojia, Feininger hakufurahi. Hakuondoka lakini. Chuo kilipohamia Dessau alikwenda nacho, ila kwa ombi lake hakupewa vipindi. Akawa mwalimu asiye na darasa, akichora na kupokea wanafunzi nyumbani, mpaka chuo cha Dessau kilipofungwa mwaka 1932.

Nyumba yake ya Dessau bado ipo?

Upo upande wake. Walimu waliishi katika nyumba pacha alizobuni Gropius, na jirani wa ukuta mmoja na Feininger alikuwa László Moholy-Nagy. Mabomu ya Vita vya Pili yaliangusha upande wa Moholy-Nagy na kuuacha wa Feininger.

Die Blaue Vier lilikuwa kundi gani?

Jina hilo ni la Kijerumani, maana yake Wanne wa Buluu: wachoraji Feininger, Kandinsky, Klee na Jawlensky. Galka Scheyer, mwanamke mwenye bidii isiyo ya kawaida, aliwaunganisha mwaka 1924 na kuzipeleka kazi zao Marekani, hasa California, wakati Wamarekani wengi hawakuzijua.

Ni kweli alikuwa mpiga picha pia?

Alianza kamera akiwa na miaka 57, mwaka 1928, kwa kuambukizwa na wanawe. Alipenda kutoka usiku kupiga picha za Dessau: taa za barabarani, ukungu, madirisha ya chuo yanayowaka. Hakuzitangaza sana, na kwa miongo mingi watu wachache walizijua. Nyingi ziko Chuo Kikuu cha Harvard.

## Kanisa, mji na bahari

Kwa nini alichora kanisa la Gelmeroda mara nyingi hivyo?

Gelmeroda ni kijiji kilicho kusini mwa Weimar, na kanisa lake ni dogo, lenye mnara mwembamba uliochongoka kupita kiasi. Feininger alilichora kwa penseli kwa mara ya kwanza mwaka 1906, alipokuwa akimtembelea Julia. Picha ya mafuta ya kwanza ni ya mwaka 1913. Ya mwisho katika mfululizo, *Gelmeroda XIII*, ni ya mwaka 1936. Ni turubai kumi na tatu, pamoja na chapa na michoro mingine ya kanisa hilo hilo.

Wengine hudhani alikuwa mtu wa dini sana. Mimi naona mnara ule ulikuwa kipimo chake. Kwa kuwa jengo halibadiliki, kinachobadilika ni mchoraji, na ukizipanga *Gelmeroda* zote kwa mstari unaona jinsi alivyotoka kwenye mnara unaopinda na kuyumba hadi kwenye mnara uliotulia ndani ya mwanga. Njia yake ya kazi ilisaidia. Alizunguka vijiji kwa baiskeli na daftari, akajaza michoro ya haraka, kisha akaichimbua studio hata baada ya miaka mingi. Ndiyo maana aliweza kuendelea kulichora akiwa mbali nalo.

Weimar sasa ina njia ya baiskeli yenye jina lake inayopita vijiji hivyo. Anayefika Gelmeroda hushangaa jinsi kanisa lilivyo dogo.

Picha za Halle zilikujaje?

Mji wa Halle ulimwagiza picha ya mji, naye akarudi na zaidi. Kati ya 1929 na 1931, akiwa na chumba cha kazi katika ngome ya Moritzburg, alitengeneza picha kumi na moja za Halle, na mji ukazinunua zote pamoja na michoro. Miaka sita baadaye Wanazi walizichukua. Baadhi zimerudi Moritzburg, nyingine ziko makumbusho mengine.

Na bahari je?

Utotoni New York alichonga boti za kuchezea na kuzielea Central Park, na meli za Hudson hazikumtoka kichwani. Kuanzia 1924 hadi 1935 alikwenda karibu kila kiangazi Deep, kijiji cha pwani ya Baltiki ambacho leo ni Mrzeżyno, Poland. Huko alitengeneza tena boti na kushindana na wanawe. Picha za bahari za Deep zina upeo mrefu, tanga moja au mbili, na watu wadogo mno. Ukichoshwa na minara, anzia hizo.

## Wanazi na kurudi Marekani

Wanazi walifanya nini na kazi zake?

Waliziita sanaa potovu na kuziondoa kwenye makumbusho ya umma, zikiwa mia kadhaa, nyingi zikiwa za karatasi. Baadhi ziliwekwa kwenye maonyesho ya kudhalilisha yaliyofunguliwa Munich tarehe 19 Julai 1937. Miaka sita tu nyuma, mwaka 1931, jumba la taifa la Berlin lilikuwa limemwandalia maonyesho makubwa ya kutimiza miaka 60.

Hatari ya nyumbani ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa Julia alikuwa na asili ya Kiyahudi. Kiangazi cha 1936 Feininger alikwenda kufundisha Mills College, California, akarudi kufunga mambo, na Juni 1937 yeye na Julia wakaondoka Ujerumani kwa mara ya mwisho.

Alipokelewaje New York?

Polepole. Alikuwa na miaka 65 na mji alioujua ulikuwa wa magari ya farasi. Alipata kazi ya kuchora kuta katika maonyesho ya dunia ya New York ya 1939, kisha akaanza kuchora majengo marefu ya Manhattan kwa mstari mwembamba wa wino na rangi nyepesi, kana kwamba yanataka kuyeyuka. Mwaka 1944 MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, lilimwonyesha sambamba na mchoraji Mmarekani Marsden Hartley, na hapo ndipo Wamarekani walipokubali kwamba huyu ni wao. Kiangazi cha 1945 alifundisha Black Mountain College. Aliendelea kufanya kazi hadi mwisho.

Kazi alizoacha Ujerumani zilipotelea wapi?

Sehemu kubwa haikupotea. Alizikabidhi kwa rafiki, Hermann Klumpp, aliyewahi kusoma Bauhaus na aliyeishi Quedlinburg. Klumpp alizificha kipindi chote cha Wanazi. Baada ya vita Quedlinburg ikawa Ujerumani Mashariki, na warithi wa New York wakajikuta upande wa pili wa ukuta. Kesi ilikuwa ndefu. Mwaka 1984 picha nyingi za mafuta zilikwenda kwa familia, na mkusanyiko wa Klumpp wa chapa na michoro ukabaki. Jumba lenye jina la Feininger lilifunguliwa Quedlinburg mwaka 1986. Anayetaka kuona chapa zake kwa wingi, huko ndiko kwa kwenda kwanza.

## Familia, soko na haki

Andreas Feininger wa jarida la *Life* ni ndugu yake?

Ni mwanawe wa kwanza kwa Julia, aliyezaliwa Paris mwaka 1906. Ile picha ya mwaka 1951 ya mpiga picha ambaye macho yake yamefunikwa na kamera ni ya Andreas. Laurence alikuwa padri na mtafiti wa muziki wa kale wa kanisa nchini Italia. T. Lux, kitindamimba, alipiga picha maisha ya wanafunzi wa Bauhaus, kisha akawa mchoraji.

Je, alichonga vinyago vya watoto?

Alichonga mji mzima: vijumba vilivyoinama, watu, magari moshi, vyote vya mbao zilizopakwa rangi, kwa ajili ya wanawe. Kabla ya Vita vya Kwanza kulikuwa na mpango wa kuyatengeneza magari moshi yake kiwandani Munich, vita vikaua mpango.

Kazi zake zina bei gani?

Turubai kubwa za miaka ya 1910 ndizo ghali. *Jesuiten III* ya mwaka 1915 iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, Mei 2007, kwa dola milioni 23.28. Chapa ziko mbali sana na bei hizo, na ndizo ambazo mtu wa kawaida mwenye akiba anaweza kuziota.

Kabla ya kununua chapa, tazama sahihi ya penseli, aina ya karatasi (tazama swali la karatasi) na namba yake. Kisha linganisha na katalogi ya Leona Prasse, aliyekuwa msimamizi katika makumbusho ya Cleveland, iliyotoka 1972. Wauzaji wa kweli hutaja namba ya Prasse bila kuulizwa, ikianza na W kwa chapa za mbao.

Naweza kuchapisha picha zake kwenye kitabu au tovuti yangu?

Inategemea ulipo. Sheria za Tanzania Bara na Kenya hulinda kazi ya sanaa kwa miaka 50 baada ya msanii kufa, kwa hiyo kwa Feininger muda huo uliisha mwishoni mwa 2006. Nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70, yaani hadi tarehe 31 Desemba 2026. Marekani huhesabu tangu kazi ilipochapishwa, miaka 95 kwa kazi za zamani, hivyo katuni za 1906 na chapa ya kanisa ya 1919 ziko huru, wakati kazi za Manhattan hazijawa.

Kumbuka pia kwamba makumbusho mengine yana masharti juu ya picha walizozipiga wenyewe. Kwa kitabu kinachouzwa Ulaya au Marekani, andikia jumba linalomiliki kazi kabla ya kupeleka faili kiwandani.